Kupangisha kwa Haki: Neno kwa Mwenye Nyumba Anayeanza

Mada iliyotolewa katika semina ya viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo na Halmashauri ya Walei





Mada tuliyopewa na Tume ya Haki na Amani yaweza kuonekana ni ya kidunia mno kujadiliwa katika ukumbi wa parokia: kujenga vyumba viwili, vinne au sita na kuvipangisha. Lakini kila kiongozi wa jumuiya aliyeketi hapa anajua kwamba ugomvi wa kodi ya chumba humfikia yeye mlangoni kabla haujafika kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Tena mara nyingi pande zote mbili za ugomvi husali katika jumuiya moja. Jumamosi asubuhi huketi mkeka mmoja, na jioni mmoja humwekea mwenzake kufuli mlangoni.

Tumezoea kumzungumzia mpangaji kuwa ndiye mnyonge na mwenye nyumba kuwa ndiye mwenye nguvu. Kwa majengo makubwa ya mjini huenda ndivyo ilivyo. Leo tunataka kumtazama mtu mwingine, yaani yule anayeanza, mwenye kiwanja kimoja na akiba ndogo, ambaye hajapata kupangisha hata siku moja. Tunalotaka kusema ni hili: dhuluma nyingi katika upangishaji mdogo hazianzi na moyo mbaya. Zinaanza na hesabu ambayo haikufanywa na neno ambalo halikuandikwa. Mtu akiingia katika kazi hii bila kuhesabu, baadaye humlipisha mpangaji gharama ya kutohesabu kwake. Kwa hiyo haki ya kupangisha huanza kabla mpangaji wa kwanza hajaingia.

1. MWENYE NYUMBA MDOGO NI NANI?

Mji wetu wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 4,364,541 katika sensa ya mwaka 2012, na 5,383,728 katika sensa ya mwaka 2022. Katika miaka kumi watu zaidi ya milioni moja wameongezeka, na wote hawa wanalala mahali fulani. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, limejenga majengo tunayoyafahamu, lakini halijaweza, wala haliwezi peke yake, kuwahifadhi watu wote hao. Wapangaji wengi wa mji huu wanahifadhiwa na watu binafsi: baba mwenye nyumba na mama mwenye nyumba wa Mbagala, Buguruni, Tandale, Gongo la Mboto na kwingineko.

Sura ya nyumba zao tunaijua. Ni nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, na uani kuna jiko, bafu na choo. Mwenyewe anakaa chumba kimoja au viwili, vilivyobaki anavipangisha. Siku hizi wengine hujenga safu ya vyumba vya nje, kila kimoja na mlango wake.

Na anayeanza ni nani? Ni mstaafu aliyepokea mkupuo wa mafao yake na kuogopa usimwishie mkononi. Ni mjane aliyeachiwa boma lisilopauliwa. Ni mama muuza samaki aliyenunua tofali kidogo kidogo kwa miaka minane. Ni mwalimu anayejiandalia uzee. Watu hawa si matajiri, na tamaa yao ni halali. Kanisa, tangu waraka wa Rerum Novarum wa mwaka 1891, limefundisha kwamba mfanyakazi ana haki ya kuweka akiba ya jasho lake na kuigeuza mali. Limefundisha vilevile kwamba mali hiyo ina wajibu kwa jirani. Mwaka 1987, Umoja wa Mataifa ulipoadhimisha mwaka wa kimataifa wa makazi kwa wasio na makao, Tume ya Kipapa ya Haki na Amani ilitoa hati maalumu kuhusu suala hilo, ikikumbusha kwamba makazi ni haki ya kila binadamu. Mwenye nyumba mdogo anasimama mahali ambapo mafundisho hayo mawili yanakutana.

2. TULIKOTOKA

Wazee wetu wanakumbuka wakati ambapo kuwa na nyumba ya kupangisha kulikuwa ni jambo la kuonewa aibu mbele ya watu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi wa TANU au wa Serikali kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 sheria ilipitishwa, na majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000 yakataifishwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Nyumba nyingi ndogo za vyumba hazikufikia thamani hiyo, nazo ziliendelea kubaki mikononi mwa wenyewe.

Baadaye upepo ulibadilika. Mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya CCM, katika kikao chake cha Zanzibar, ililegeza masharti ya uongozi, na kupangisha nyumba kukaacha kuwa mwiko kwa wanachama. Kulikuwapo pia sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kiwango cha kodi huamuliwa na makubaliano ya mwenye nyumba na mpangaji.

Tunayataja haya kwa sababu moja. Zamani sheria ilijaribu kuamua kodi ipi ni halali. Leo uamuzi huo umeachwa kwa wawili wanaopatana, na mara nyingi mmoja wao hana pa kulala usiku huo. Pale ambapo sheria imejiondoa, dhamiri haina ruhusa ya kujiondoa.

3. MITIHANI YA ANAYEANZA

(a) Kiwanja

Kwa sheria zetu, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Tunachomiliki sisi ni haki ya kuitumia. Wengi wanaoanza hununua kiwanja kwa karatasi iliyoandikwa mbele ya mashahidi na kugongwa muhuri wa mtaa. Karatasi hiyo inathibitisha kwamba watu wawili wamepatana na fedha imetolewa. Haithibitishi kwamba aliyeuza alikuwa na haki ya kuuza.

Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi awaulize majirani wa pande zote nne. Aende ofisi ya ardhi ya halmashauri aone katika mchoro wa mipango miji kama pale ni makazi, au ni eneo la wazi, barabara, au bonde. Amwulize muuzaji kama ana mke au mume, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya wanandoa kuuzwa na mmoja bila ridhaa ya mwenzake.

Tumeona matokeo ya kupuuza haya. Desemba 2011 mafuriko yalikumba bonde la Mto Msimbazi, watu wakafa, na Serikali ikawahamishia waathirika Mabwepande. Mwaka 2017 nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi Kibaha, zilibomolewa. Nyumba inapobomolewa, anayepoteza si mwenyewe peke yake. Mpangaji aliyetoa kodi ya miezi kadhaa naye hujikuta nje na kitanda chake, na aliyepokea fedha ile hana tena cha kumrudishia. Kupangisha nyumba iliyo mahali unapojua si salama, bila kumwambia anayeingia, ni kumuuzia jirani hatari.

(b) Hesabu

Bwana wetu alitoa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara, ambaye hana budi kwanza kuketi na kuhesabu gharama. Basi nasi tuketi tuhesabu. Hii ni hesabu ya mfano, kila mmoja ataweka tarakimu za mahali pake.

Tuseme mstaafu ametumia shilingi 30,000,000 kujenga vyumba vinne, na kila chumba anakipangisha kwa shilingi 50,000 kwa mwezi. Kwa mwezi atapata 200,000, na kwa mwaka 2,400,000. Fundi na dalali watamwambia kwamba fedha yake itarudi baada ya miaka 12 na nusu. Hapo ndipo wengi huishia kuhesabu.

Tuendelee. Kila chumba kikikaa kitupu mwezi mmoja tu kwa mwaka, ametoa 200,000, zimebaki 2,200,000. Akiweka 240,000 kwa ajili ya matengenezo, yaani sehemu moja ya kumi ya kodi aliyoitarajia, zimebaki 1,960,000. Kuvuta maji machafu ya choo kwa mwaka, tuseme 150,000, zimebaki 1,810,000. Kodi ya majengo kwa nyumba ya kawaida ni 18,000 kwa mwaka. Kodi ya mapato kwa pango, kwa kiwango cha asilimia 10, ni 220,000. Zimebaki shilingi 1,572,000. Kwa mwendo huo fedha yake itarudi baada ya miaka 19 na zaidi kidogo. Aliyestaafu akiwa na miaka 60 atakuwa na miaka 79.

Na kama fedha hiyo ni ya mkopo? Tuseme riba ni asilimia 18 kwa mwaka. Riba ya mwaka wa kwanza peke yake ni shilingi 5,400,000, nayo imezidi mara mbili ya kodi yote ya vyumba vinne. Mtu huyu hataweza kulipa benki kwa kodi hiyo. Atapandisha kodi katikati ya mwaka, atamfukuza aliyepo ili apate anayetoa zaidi, ataacha bati lililotoboka. Hakukusudia kumdhulumu mtu. Lakini aliyechukua mkopo usiolingana na nyumba yake amekwisha kuiweka dhuluma ndani ya msingi.

Hatusemi watu wasijenge. Tunasema ajengaye aanze na vyumba viwili vilivyokamilika kuliko sita visivyo na dari wala choo. Asiweke mafao yake yote ndani ya tofali, bali abaki na akiba ya dawa na chakula. Tena asiitegemee kodi ya nyumba kama mshahara, kwa kuwa mshahara hauvuji wakati wa masika.

(c) Kodi ya mapema

Ndugu zetu, hapa ndipo penye kiini cha mada. Katika mji wetu mwenye nyumba hudai kodi ya miezi mitatu, sita, hata mwaka mzima kabla mpangaji hajaingia, na juu yake dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja. Mpangaji anayepata riziki yake kwa siku au kwa wiki hulazimika kukopa ili apate mahali pa kulala. Hilo tumelisema mara nyingi. Lisilosemwa mara nyingi ni kwamba desturi hii humwangamiza pia mwenye nyumba anayeanza.

Chukua yule mstaafu wetu. Januari anapokea shilingi 2,400,000 kwa mkupuo. Analipa ada za shule, anamalizia uzio, anasaidia msiba. Machi fedha imekwisha. Aprili mvua ya masika inaingia chumba cha tatu. Mpangaji anakuja kulalamika, na mwenye nyumba hana hata fedha ya bati moja. Kwa aibu anageuza udhaifu wake kuwa ukali: “Kama hupapendi, hama.” Miezi minane bado imebaki, na kila siku ya miezi hiyo ni mali ya mpangaji iliyokwisha kulipiwa.

Tunaomba kila mwenye nyumba aishike kanuni hii: kodi ya mapema si mapato yako, ni deni lako. Ukipokea leo kodi ya miezi 12, umekopa fedha, na utailipa kwa siku 365 za hifadhi iliyo kavu, salama na yenye amani. Fedha ya mwezi wa Desemba haijawa yako mpaka mpangaji amelala Desemba chini ya paa lako.

Kwa hiyo afanye hivi. Fedha ya mkupuo aiweke mahali pa peke yake, benki au katika chama cha kuweka na kukopa, aigawe kwa idadi ya miezi, na kila mwezi achukue fungu la mwezi huo tu. Sehemu moja ya kumi asiiguse isipokuwa kwa matengenezo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Na akishaizoea nidhamu hiyo ataona kwamba hana haja ya kudai mwaka mzima. Miezi miwili au mitatu yatosha, na kwa anayemfahamu, hata mwezi kwa mwezi.

Wengine watauliza: “Akikimbia usiku je?” Swali ni la haki. Jibu ni amana ya kodi ya mwezi mmoja, inayorudishwa siku ya kuhama baada ya chumba kukaguliwa, pamoja na mdhamini anayejulikana na barua ya mtaa alikotoka. Mpangaji mwaminifu anayelipa kidogo kidogo kwa miaka mitano ni bora kuliko watano waliolipa mwaka mzima na kuhama kwa ugomvi.

(d) Maandishi

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inakubali upangaji wa muda mfupi, usiozidi mwaka mmoja, ufanywe hata kwa maneno ya mdomo. Lakini mdomo husahau, na wakati wa ugomvi kila mmoja hukumbuka yanayomfaa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Karatasi moja yatosha, kwa Kiswahili kinachoeleweka. Iandikwe majina ya wote wawili, chumba kinachopangishwa, kiasi cha kodi na tarehe ya kulipa, muda wa kukaa, nani analipia umeme, maji, usafi na choo, na kwa fungu gani, nani anatengeneza nini, taarifa ya muda gani itatolewa kabla ya kuhama au kuhamishwa, na kodi itaweza kubadilishwa lini. Iandikwe pia hali ya chumba siku ya kuingia: vioo, vitasa, taa, rangi, sakafu. Watie sahihi wote wawili na shahidi wa kila upande, na kila mmoja abaki na nakala yake. Kila kodi inapolipwa, stakabadhi itolewe, hata kama mpangaji ni mtoto wa dada yako. Ndugu ndio hasa wanaohitaji maandishi, kwa sababu wao huoneana haya kudaiana, na haya hiyo huzaa kinyongo.

Mjane na mstaafu waongeze karatasi ya pili, yaani wosia. Kodi ya vyumba ni fedha inayoonekana kila mwezi, na baba mwenye nyumba akifariki, si ajabu wanaume wa ukoo kufika kwa wapangaji kabla ya arobaini na kusema, “Kuanzia sasa mtatulipa sisi.” Wosia ulioandikwa vizuri huwalinda mama na watoto, na humlinda mpangaji asilipishwe mara mbili.

(e) Umeme, maji na choo

Ugomvi mwingi wa uani hautokani na kodi bali na mita. Nyumba ya vyumba sita ina mita moja ya LUKU. Mmoja ana friji na pasi, mwingine ana taa moja. Wakichanga sawa, maskini anamlipia mwenye nacho. Anayejenga leo na aweke mita ndogo kwa kila chumba tangu mwanzo, ama aandike mafungu kwa kadiri ya vifaa.

Tena tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kila mwezi mtu anaponunua umeme. Kwa nyumba ya kawaida ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Anayenunua umeme akiwa ni mpangaji, mwenye nyumba anapaswa kumrudishia au kumpunguzia katika kodi ya chumba. Shilingi 18,000 kwa mwaka huenda zikaonekana ndogo, lakini kuuacha mzigo wako ubebwe kimya kimya na asiyejua ni kuchukua kisicho chako.

Kuhusu choo na nyaya za umeme hatutaficha maneno. Torati ilimwagiza mtu ajengaye nyumba mpya aweke ukingo juu ya paa lake, ili asiwe na hatia ya damu mtu akianguka. Ukingo wa leo ni waya uliofungwa na fundi anayejua kazi, ni choo kinachotosha idadi ya watu, ni dirisha linalopitisha hewa. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza hapa Dar es Salaam Agosti 2015 ulitukumbusha kwamba uchafu wa uani hauchagui mwenye nyumba wala mpangaji. Mwenye kuongeza vyumba viwili bila kuongeza choo amejiongezea kodi kwa afya ya watoto wa wengine.

(f) Kumpokea na kumtoa mpangaji

Anayeanza huogopa kumpokea asiyemfahamu, na hofu hiyo husababisha ubaguzi. Mmoja hataki wenye watoto. Mwingine hataki mwanamke asiye na mume. Wa tatu huuliza kabila na dini kabla ya kuuliza kazi. Mwenye nyumba ana haki ya kutaka mpangaji mwaminifu na mtulivu. Hana haki ya kumhesabia mtu kosa kwa kuwa ni mama, ni mjane, au amezaliwa kwingine. Tukumbuke Mama Maria na Yosefu waliokosa nafasi.

Siku ya kuachana nayo ina haki zake. Wapo wanaong’oa mlango, wanaoezua bati chumba kikiwa na watu, wanaobadili kufuli mpangaji akiwa kazini na kuzuia kitanda na vyombo vyake. Kitabu cha Kutoka kilimwagiza aliyechukua vazi la maskini kuwa rehani alirudishe kabla ya jua kuzama, kwa kuwa ndilo la kujifunika usiku. Anayezuia godoro na sufuria za mwenye deni amefanya lile lile lililokatazwa. Sheria ya Ardhi nayo inampa mpangaji haki ya kukaa kwa utulivu muda aliopatana, na haiweki haki ya kumtoa katika mikono ya vijana wa kukodi.

Njia ipo. Kwanza mazungumzo, pamoja na mashahidi wa mkataba. Pili taarifa ya maandishi. Tatu Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake katika migogoro ya ardhi ni kusuluhisha. Ikishindikana, shauri lipelekwe katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 2002. Njia hii huchukua muda, ndiyo maana tunasisitiza amana na mdhamini. Lakini ni afadhali kupoteza kodi ya miezi miwili kuliko kusimama mbele ya Mungu na majirani kama mtu aliyeezua nyumba juu ya mtoto mchanga.

4. WAJIBU WA MPANGAJI

Haki haina upande mmoja. Wapo wapangaji wanaomwona mwenye nyumba mdogo kuwa tajiri wa kukamuliwa. Hulipa mwezi wa kwanza na wa pili, kisha huanza visingizio; hupangisha chumba kwa mtu wa tatu bila kusema; hugeuza chumba kuwa kilabu cha pombe; huhama usiku na kuacha deni la maji. Mama mwenye nyumba mwenye vyumba viwili akikosa kodi ya kimoja, nusu ya pato lake imekwenda, na huenda ndiyo fedha ya dawa ya shinikizo la damu. Mpangaji anayeweza kulipa na hataki anaiba. Asiyeweza na aseme mapema, kabla ya tarehe, ili wapatane. Kunyamaza ndiko kunakovunja uaminifu.

5. TUFANYE NINI KATIKA JUMUIYA ZETU

Tunapendekeza mambo manne. La kwanza, ofisi ya parokia iwe na mfano wa mkataba wa upangaji, ili yeyote apate nakala. La pili, kila kigango kichague watu watatu wenye busara, mmoja wao akiwa mpangaji na mmoja mwanamke, wawe wasuluhishi kabla ugomvi haujafika barazani. La tatu, mara moja kwa mwaka tuwaalike afisa ardhi, afisa wa Mamlaka ya Mapato na mwanasheria watufundishe, kwa sababu viwango na taratibu hubadilika na sheria ya fedha ya kila mwaka. La nne, wenye nyumba wadogo waunde kikundi cha akiba ya matengenezo, ili bati lililotoboka Aprili lisisubiri kodi ya Januari.

Wapendwa, hatujaja kumlaumu mama aliyelima, akauza, akanunua tofali moja moja hadi akapata vyumba vinne. Tunampongeza. Tunamwomba tu aketi na daftari kabla ya kuchimba msingi, aandike kabla ya kupokea, na aihesabu kodi ya mapema kuwa deni. Akifanya hivyo, ataweza kukaa mkeka mmoja na mpangaji wake Jumamosi bila kuinamisha macho.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika mtaa wetu, kodi ya mapema hudaiwa kwa miezi mingapi? Ni nani anayeumia, na kwa namna gani?

2. Wenye nyumba wa jumuiya yetu wafanye ile hesabu ya vyumba vinne kwa tarakimu zao wenyewe. Wamegundua nini?

3. Ni nyumba ngapi tunazozifahamu ambazo zina mkataba wa maandishi na stakabadhi? Kwa nini nyingine hazina?

4. Je, yupo mjane au mstaafu miongoni mwetu anayetaka kuanza kupangisha, au aliyeanza na sasa amekwama? Jumuiya itamsaidiaje mwezi huu?